Majibu ya Sindano Hayakuamua: Je, Uvimbe wa Thairoidi ni Saratani?

SWALI: Daktari, nina uvimbe kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Kipimo cha homoni kimetoka vizuri, lakini majibu ya sindano ya kuvuta seli za uvimbe yanasema ni "uvimbe wa folikula" (yaani wa seli za vifuko vidogo vya tezi), na naambiwa nitolewe nusu ya tezi ndipo ijulikane kama ni saratani. Inakuwaje nipasuliwe kabla ugonjwa haujajulikana?

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako unaeleweka, ila ushauri uliopewa ni wa kawaida na una sababu. Homoni kuwa sawa hakuondoi uwezekano wa saratani, kwani wagonjwa wengi wa saratani hii huwa na homoni za kawaida kabisa.

Saratani ya papilari, ambayo ni takriban asilimia 80 ya saratani zote za tezi hii, hutambulika vizuri kwa sindano, kwa sababu viini vya seli zake hubadilika sura: huwa vikubwa, vimepauka na vina mikunjo, kiasi kwamba mtaalamu huviona hata katika seli chache. Saratani ya folikula haiko hivyo. Seli zake hufanana na za uvimbe usio na madhara, na kinachozitofautisha ni kama zimepenya gamba linalozunguka uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano huvuta seli na kuliacha gamba mahali pake, kwa hiyo ni lazima uvimbe utolewe mzima, gamba likatwe vipande vyembamba na kukaguliwa kwa hadubini. Naomba ulishike hili: sehemu kubwa ya uvimbe unaotolewa kwa sababu hii hukutwa si saratani.

Saratani ya medula, ambayo ni nadra, hutokana na seli zinazotengeneza homoni ya kalsitonini, nayo hupimwa katika damu. Karibu robo ya wagonjwa wake wameirithi. Kama kuna ndugu yako wa damu aliyewahi kuugua, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Saratani ya aina ya anaplastiki ni nadra zaidi na ndiyo kali kuliko zote, kwani hukua ndani ya wiki chache. Uvimbe ukianza kukua ghafla, sauti ikakwaruza, au ukapata shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla hujasaini fomu ya upasuaji, muulize daktari wako ikiwa itahitajika kutoa nusu ya pili endapo saratani itaonekana, na kama utalazimika kumeza vidonge vya homoni baadaye.