Mwanangu, ndani ya neno hilo kuna mfalme

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi hapa Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Unasema huko Chicago mwenye nyumba anataka kodi kwa check, karatasi ya kulipia chakula mgahawani ni check, ukifika uwanja wa ndege unafanya check-in, na shati la drafti la mwenzako kazini nalo wanaliita check. Unauliza kama ni maneno manne yaliyofanana kwa bahati tu.

Ni neno moja, mama. Na kwa sura nyingine unalijua tangu utotoni: ni shaha, huyuhuyu shaha wa washairi.

Anzia kwenye sataranji, mchezo aliokuwa akiucheza babu yako barazani. Ulitoka India ukiitwa chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea, Waarabu wakauita shatranj, sisi wa pwani tukasema sataranji. Mchezaji wa Kiajemi akimtishia mfalme wa mwenzake hutamka "Shah!", mfalme wako huyo, mwangalie. Akimbana asiwe na pa kukimbilia husema "Shah mat", mfalme kashindwa. Waarabu katika mat wakasikia kufa, mzizi uleule uliotupa sisi mauti. Mchezo ulipoingia Ulaya, Wafaransa wakasema eschec, Waingereza wakabaki na check. Hata chess, jina la mchezo wenyewe, ni wingi wa neno hilohilo.

Sasa, ukishaambiwa check, mipango yako yote inasimama. Huwezi kucheza lolote ila kumwokoa mfalme. Hapo neno likapata maana ya kuzuia. Kutoka kuzuia likafika kwenye kudhibiti, na kutoka kudhibiti kwenye kukagua, ndiyo hiyo check-in yako ya uwanja wa ndege. Kijana wa hapa mtaani anayesema "nicheki baadaye" anamtaja mfalme wa Uajemi bila kujua.

Shati ni jepesi: lina miraba kama ubao wa sataranji. Lakini ubao huo una kisa ninachokipenda kuliko vyote, labda kwa sababu nimekaa kaunta ya benki miaka 31. Enzi za mfalme Henry I, karne ya 12, hesabu za serikali ya Uingereza zilipigwa juu ya meza ya futi 10 kwa 5, iliyotandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao huo. Masherifu, yaani maofisa wa mfalme mikoani, walileta kodi walizokusanya, na kete zikapangwa kwenye safu zake: pauni, shilingi, peni. Hata asiyejua kusoma aliona kwa macho yake anadaiwa kiasi gani. Ofisi ile ikaitwa Exchequer, na waziri wa fedha wa Uingereza analibeba jina hilo mpaka leo.

Hundi ikafuata. Mwanzoni check kilikuwa kile kipande kinachobaki kwa mtoaji, cha kulinganishia ili kuzuia kughushi. Baadaye jina likahamia kwenye hundi yenyewe. Waingereza wakaiandika cheque kwa kuiga Exchequer, Wamarekani wakabaki na check. Ile ya mgahawani ni ya Wamarekani. Mwingereza huomba bill.

Hilo la kughushi nimeliona mwenyewe. Iliwahi kuletwa kwangu hundi ya shilingi elfu kumi. Aliyeiandika aliacha nafasi baada ya maneno, mtu akaongeza "na tisa", kisha akakitia mkia kisifuri cha kwanza kikawa 9. Wino tu ndio uliomfichua, haukulingana.

Kwa hiyo hundi ya mwenye nyumba wako iandike kuanzia ukingo wa kushoto kabisa, na ukimaliza maneno ya kiasi, piga mstari mpaka mwisho wa nafasi. Nitumie picha ya hundi ya kwanza niione kabla hujampa.

Baba yako