Hesabu za dozi zinanishinda

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili. Mwezi huu tunafundishwa famakolojia, yaani elimu ya dawa, kwa mtandao. Mihadhara naielewa, ila hesabu za dozi zinanishinda. Nifanyeje?

JIBU: Pole. Acha kwanza kukariri majina ya dawa, uanze na nusu uhai: muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu hupungua kwa nusu. Simamisha video, uchore mwenyewe. Dawa ina miligramu 8 kwa lita, nusu uhai saa 6: baada ya saa 6 zimebaki 4, saa 12 mbili, saa 18 moja. Dozi zikirudiwa kwa vipindi sawa, kiwango hutulia baada ya nusu uhai 4 hadi 5, yaani saa 24 hadi 30. Wengi hudhani dozi kubwa huharakisha kutulia huko. La, hupandisha kiwango tu.

Fenitoini, dawa ya kifafa, ichoree grafu yake peke yake. Vimeng'enya vya ini vinavyoivunja vikishalemewa, nyongeza ndogo ya dozi yaweza kufikisha mgonjwa kwenye sumu, na ile hesabu ya kugawa kwa mbili haifai tena.

Na kila mstari uandike kizio cha kipimo: ukichanganya miligramu na mikrogramu, umekosea mara 1,000.