Mgeni kutoka Japani alipokaa kwetu Ujiji

Wiki hii dada mmoja wa Kasulu ameniandikia. Nyumbani kwao wamekubali kumpokea mwanafunzi wa kubadilishana kutoka nje, akae nao muhula mzima, naye ana maswali: wanunue godoro jipya? Wampikie chipsi? Majirani waambiwe nini? Nimecheka, halafu nikakumbuka yaliyonipata mimi.

Chuoni Dar es Salaam nililala chumba kimoja na binti wa Kijapani aliyekuja kwa mpango huohuo. Likizo ilipofika nikamleta kwetu Ujiji kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 za Reli ya Kati. Safari yenyewe siisimulii, watu wa Kigoma tunaijua.

Tukafika kwa bibi. Salamu za Waha hazina haraka. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za ulikotoka, za wazazi, za mashamba. Mgeni wangu hakuelewa hata neno moja, ila kila mara bibi akipiga makofi, yeye anainama. Bibi akiona ameinamiwa, anaanza upya. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kunyamaza. Chai ikapoa mezani. Na viatu alishavivua mlangoni bila kuambiwa, maana kwao haingii mtu ndani na viatu. Bibi akatamka kwamba huyu kalelewa.

Kwenye chakula ndipo mambo yalipoharibika. Tuliandaliwa ugali wa muhogo na dagaa waliokolea mawese. Mimi natoa vichwa, yeye anatafuna dagaa mzima mzima, kichwa mpaka mkia. Kumbe kwao samaki wadogo waliokaushwa ndio wanaochemshwa kutoa supu, kwa hiyo dagaa wa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma, hawakumtisha hata kidogo. Tatizo ni kwamba kwao kubakiza chakula si adabu. Kwetu sahani ikiwa tupu, mwenyeji anajua hujashiba. Akimaliza, bibi anaongeza. Akimaliza tena, bibi anaongeza, tena kwa furaha. Na Mjapani kukukatalia usoni ni kazi kubwa: atatabasamu, atavuta pumzi, atasema "kidogo…" na sentensi itaishia hapo. Sisi nasi ni walewale, tunasema "tutaona" tukimaanisha hapana. Usiku nikamkuta uani amelegeza kanga, anatembea huku na huku kushusha tumbo. Nikamwambia, "Bakiza tonge moja tu." Kesho yake akabakiza, na bibi bila neno akamwita mtoto alete maji ya kunawa.

Basi ushauri wangu ni huu: ulizaneni mapema. Watu wengi wanadhani kila mgeni ni wa kusema lake waziwazi, eti akitaka kitu atasema. Si wote. Muulize ukiwa naye peke yake, si mbele ya sinia na wazee.

Mtaani watoto walimwita "Mchina, Mchina". Yeye aliwapungia mkono, mimi ndiye niliyeumia. Kigoma tunamtaja sana Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na Gombe yake ya 1960, lakini watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako na sokwe wa milima ya Mahale tangu 1965, wakianza na marehemu Toshisada Nishida. Mgeni wangu hakuwa akilijua hilo. Nilimsimulia mimi, tumesimama mwaloni Kibirizi kati ya dagaa walioanikwa, nikimwonyesha upande wa kusini. Alinitazama kama mwalimu wake. Sasa wewe unayesubiri mgeni, je, ya kwenu unayajua? Anza kuyasoma leo.

Nije kwenye lililoniuma. Hata wiki haijaisha, mtaa mzima ulishaamua kwamba nimepata mfadhili. Ndugu yangu wa damu alimwomba simu, mbele yangu, kwa Kiingereza alichokikariri. Jirani mmoja akawa anamtumia ujumbe wa ada za watoto hata baada ya mgeni kurudi kwao. Mimi sikuchukua hata nauli. Tena mpango uliitwa wa kubadilishana, lakini zamu ya sisi kwenda ilipofika, jina langu halikuwamo, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilikaa kimya. Leo sikai.

Jamani, mgeni si mradi. Ukimpokea ukiwa unahesabu utakachopata, atajua, kwa sababu macho hayajifichi. Waambie nyumbani kabla hajafika: hakuna kuomba. Ulizaneni na hilo pia, wazi, kikao cha familia, wajomba wawepo.

Dada wa Kasulu, godoro lililopo linatosha, likianikwa juani. Chipsi achana nazo, mpikie mgebuka, samaki wa ziwa letu. Majirani waambie ni mwanafunzi, basi. Ila choo mwonyeshe mapema, saa ya kufika kabisa, pamoja na ndoo ya maji ilipo, kwa sababu wangu alijibana mpaka magharibi akiona haya kuuliza.