Kabla hujaigusa mashine ya PCR, ile inayozidisha vinasaba: kwa mnaoanza kazi ya usugu wa malaria Dodoma

Mwaka wangu wa kwanza maabara niliamini nimegundua jambo zito. Sampuli zote za Bahi, bila kubakiza hata moja, zilionyesha K76T, ile alama kwenye jeni ya crt inayoambatana na usugu dhidi ya klorokwini. Dawa hiyo Tanzania iliiacha mwaka 2001, na tangu hapo vimelea visivyo na alama hiyo vimerudi kujaa nchini. Mimi nikaona usugu umefufuka! Slaidi za kuwasilisha nikaziandaa usiku ule ule.

Asubuhi mwalimu wangu hakutazama hata slaidi ya pili. Akauliza, "Mwanangu, maji yako yanasemaje?"

Nikairudia picha ya jeli, ile inayoonyesha vinasaba kama mistari. Kontroli ya maji, yaani mrija wa maji matupu wa kulinganishia, ambao haukutakiwa kuonyesha chochote, ilikuwa na mstari mnene kama wa wagonjwa. Vinasaba vya Dd2, kimelea cha maabara tulichokitumia kama kontroli ya usugu, vilikuwa vimeingia kila mahali. PCR ya hatua mbili ndivyo ilivyo, wadogo zangu: ukifungua mirija ya hatua ya kwanza, humo mna nakala mabilioni, na chembe usiyoiona inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Chumba cha kuchanganyia kemikali kiwe mbali na kile cha kufungulia mirija, kila kimoja na pipeti zake na koti lake. Na usibebe koti la huku kwenda kule eti unawahi chai.

Huko vijijini tunakochukua damu ya wagonjwa, adui ni upepo. Miezi ya Juni na Julai vumbi la Dodoma halibishi hodi, na matone ya damu kwenye karatasi ya chujio yakiwa mabichi, nzi wanayafuata. Tulikuwa tunakausha ndani ya boksi la kadibodi lililotobolewa pembeni na kufunikwa chandarua chakavu. Karatasi ikikauka kabisa, kila moja iingie mfuko wake na punje za silika za kufyonza unyevu. Usiifunge mbichi ukitegemea silika itamalizia.

Sasa zile herufi za majina ya alama. R561H maana yake kwenye nafasi ya 561 ya protini ya kimelea iitwayo K13 arjinini imetoka, histidini imeingia. Alama hii imeonekana Rwanda na kwetu Kagera, nayo huchelewesha vimelea kuondoka kwenye damu mgonjwa akitumia dawa za artemisinini. Kuchelewa huko siyo kusema ALu, dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, imeshindwa. Dawa mwenza bado ina kazi yake. Usiwatishe watu wa wilaya kwa herufi mbili na namba. Kosa la upande wa pili ndilo linalojificha zaidi: mwanafunzi anaona jeni nyingine, mdr1, nafasi ya 86 ina N (asparajini), yaani ya asili, anaandika "hakuna tatizo". Lumefantrini, hiyo dawa mwenza, huviacha viishi zaidi vimelea vyenye N hiyo. Ya asili kwa dawa moja yaweza kuwa nafuu ya kimelea kwa nyingine.

Mtapata pia sampuli yenye mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya ambayo PCR haioni kitu. Kabla ya kulaumu karatasi, uliza kama mgonjwa alimeza dawa wiki chache nyuma. Protini ya HRP2, ambayo kipimo hicho huitafuta, hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya vimelea kufa.

La mwisho ni fomu ya mgonjwa, maana kimelea chaweza kuwa kimetoka mkoa mwingine. Dodoma ni mji wa wageni: wanafunzi wa vyuo, watumishi waliohamishwa, abiria wa mabasi ya Kanda ya Ziwa. Ukiuliza "Umesafiri?" wengi watasema hapana, maana kwenda nyumbani hawakuhesabu kuwa ni safari. Mimi huuliza, "Mwezi huu umelala wapi na wapi?" Kijana mmoja alishajibu hapana, kisha nilipouliza hivyo akasema, "Aa, nyumbani Karagwe, nimerudi juzi."

Sampuli yake nikaiandikia Karagwe pembeni, kwa kalamu ya risasi, maana wino unafutika kwa spiriti.