Fildi: Simama pale zege linapochanganywa

Kwa wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi mnaoanza fildi Julai hii: msiombe ofisini. Ombeni saiti, na mkifika mkae karibu na mashine ya zege.

Mwaka wa pili nilipelekwa saiti moja upande wa Kibosho, juu ya Moshi. Julai kule ni baridi na manyunyu tangu alfajiri. Kichwani nilikuwa na hesabu ya darasani: uwiano wa maji na saruji 0.5, yaani mfuko wa kilo 50 unataka lita 25. Siku ya tatu fundi mkuu akaniachia mchanganyo wa kwanza, nami nikapima lita zangu 25 kamili. Tukajaza ile koni ya kupimia ulaini, kimo chake milimita 300, kwa tabaka tatu, kila tabaka likashindiliwa mara 25. Koni iliponyanyuliwa, zege likatawanyika kama uji.

Fundi hakunigombeza. Alichota mchanga, akaufumbata, akafungua kiganja. Bonge likabaki zima.

“Mwanangu, huu umekunywa maji usiku kucha. Hayo hukuyahesabu.”

Nikajiuliza ni maji kiasi gani, na sikuliacha swali hilo lilale. Jioni niliazima mizani dukani, na kikaango na jiko la mkaa kwa mama ntilie. Gramu 1,000 za mchanga ule zilipokauka zilibaki 940. Mfuko mmoja wa saruji tulikuwa tukiuwekea mchanga wa kilo 100 hivi, kwa hiyo lita 6 zilikuwa zimeingia kimyakimya, karibu robo ya maji niliyopima. Chembe za mchanga zenyewe hushika kiasi kidogo cha maji hayo. Yanayobaki hulegeza zege, na yakishakauka huacha vitundu vinavyolidhoofisha. Tangu kesho yake tukawa tunapunguza maji kila asubuhi kabla mashine haijawashwa.

Kiganja cha fundi kilijua kuna tatizo, mizani ikasema ni kubwa kiasi gani. Vyote viwili utavipata ukimwamkia mzee wa watu shikamoo, ukabeba karai na wenzako, ndipo ukauliza kwa nini.

Kitabu cha fildi kijaze jioni ileile. Nimeona vilivyojazwa wiki ya mwisho kwa kunakili vya rafiki, na inaniuma, maana miezi miwili ya mtu imepotea hivyo. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye manyunyu. Na siku zege la majaribio linapokwenda kuvunjwa maabara kupimwa nguvu, siku ya 7 na ya 28 tangu limwagwe, omba ruhusa uende nalo.