Kuhifadhi mbegu za kunde mwitu katika unyevu wa Mombasa

Kunde zinazouzwa Marikiti na Kongowea zina ndugu zao wa porini, tena ndugu wa damu. Mkunde mwitu umeenea Afrika kusini ya Sahara, kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, na aina nyingi zaidi zinaonekana kusini mwa bara, pande za Zimbabwe, Msumbiji na KwaZulu-Natal. Huku Pwani hupenda mahali palipowahi kuguswa na jembe kisha pakaachwa: kando ya njia, shamba lililolala, ukingo wa kichaka. Mombasa utafute pande za Likoni, Mtongwe na Mwakirunge, penye viwanja ambavyo havijajengwa, na usingoje mwakani, maana kiwanja kikiuzwa hufyekwa kabla msingi haujachimbwa.

Wengi huuchanganya na mmea mwingine wa jamii hiyohiyo, ule unaotambaa mchangani juu ya mstari wa maji kujaa, wenye majani mazito yasiyo na vinyweleo na maua ya manjano. Huo ni wa ufukweni, mbegu zake huelea baharini, na chumvi haiusumbui. Mkunde mwitu tunaousema hapa una maua ya zambarau au meupe yenye zambarau, yanayofunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Maganda yake ni mafupi na membamba kuliko ya kunde za shambani, na mbegu ni ndogo mno, nyeusi au zenye madoadoa.

Thamani yake iko kwenye uzazi. Mkunde mwitu huzaana na kunde za shambani bila taabu, kwa hiyo sifa nzuri iliyo ndani yake inaweza kuhamishwa. Upo mmea mwingine wa jamii hii, Vigna vexillata, unaostahimili vizuri viwavi wanaotoboa maganda, lakini wataalamu wamejaribu kuuzalisha na kunde bila mafanikio. Ndugu wa karibu akipotea, wa mbali hawezi kushika nafasi yake.

Urahisi huohuo wa kuzaana una hasara. Nyuki wakubwa wanaotoboa boriti hubeba chavua kilomita kadhaa, kwa hiyo mkunde mwitu ulio jirani na shamba huenda umeshachanganyika. Dalili yake ni mbegu za ukubwa tofautitofauti katika kundi moja, na maganda yanayokauka bila kupasuka. Kundi la namna hiyo lichume pia, ila liweke kando na uandike ulivyoliona.

Wakati wa kuchuma ni baada ya masika, mvua zikishapungua. Kosa la kwanza ni kuchuma maganda mabichi ukitumaini yataivia nyumbani. Mbegu zake hunyauka na hazidumu. La pili ni kuchelewa: ganda la porini likikauka hujisokota, likapasuka na kurusha mbegu. Chuma ganda lililogeuka hudhurungi lakini bado limefumba, asubuhi kukiwa na umande kidogo, na ulitie kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Usitumie mfuko wa plastiki. Pitia mimea 50 ikiwezekana, uchukue kidogo kwa kila mmoja, na usizidishe moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Gunia zima kutoka mimea mitatu lina uzao wa mimea mitatu tu.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi hapa kwetu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na mbegu hunywa unyevu huo. Hata ukizianika wiki mbili kivulini, zitaishia karibu asilimia 14 ya maji, na hapo ukungu na fukusi hustawi. Kuzianika juu ya bati au sakafu ya saruji wakati wa jua kali ni kuzichoma. Anika kwanza kivulini penye upepo siku 5 hivi, kisha tumia mchele. Kaanga mchele bila mafuta mpaka uanze kubadilika rangi, uutie ungali moto kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira, funga, uache upoe. Weka mbegu ndani ya kifuko cha kitambaa juu ya mchele, vikombe 2 vya mchele kwa kikombe 1 cha mbegu. Baada ya wiki moja badilisha mchele, ungoje wiki nyingine. Kisha piga mbegu moja kwa nyundo: ikivunjika vipande imekauka, ikibonyea bado.

Zikishakauka, na si kabla, zitie friza siku 7 kuua fukusi waliomo ndani. Mbegu mbichi ikigandishwa hufa. Ukiitoa chupa, iache ifikie joto la chumba bila kuifungua, la sivyo umande utaingia na kazi yote ya mchele itapotea. Baada ya hapo friji ya kawaida inatosha kwa miaka kadhaa. Andika kwa penseli na utie karatasi ndani ya chupa: mahali, tarehe, aina ya udongo, idadi ya mimea. Mbegu isiyo na habari hizo haina kazi kubwa kwa benki ya taifa ya mbegu iliyoko Muguga, karibu na Nairobi, ambako ndiko fungu la pili la mbegu zako linakofaa kupelekwa. Kuzipeleka nje ya nchi, au kuzichuma kwa utafiti, kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki.

Kila baada ya miaka 2 otesha mbegu 50 uone zinazochipua. Ngozi yake ni ngumu, maji hayapiti, kwa hiyo ikwaruze kwa msasa upande usio na jicho, uiloweke usiku mmoja. Usipoikwaruza utadhani imekufa, kumbe imelala. Zikichipua chini ya 42, panda upya wakati wa masika chini ya neti ya kuzuia nyuki, mbali na kunde za kula, na maganda yakianza kukauka pita kila asubuhi, kwani litakaloachwa mpaka jua la saa sita litakuwa limeshamwaga mbegu zake.