Jibu: kitabu gani cha kuanzia tamthilia za Kijerumani?
Mkuu, umeuliza uanzie wapi kuelewa tamthilia za Wajerumani na Ulaya kwa ujumla, mi nakwambia anza na Brecht on Theatre, ni maandishi ya Bertolt Brecht mwenyewe, yule mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, John Willett ndo aliyakusanya na kuyatafsiri Kiingereza 1964, humo utaelewa kwa nini alitaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama tu kwenye hisia. Halafu soma Mother Courage yenyewe, tamthilia yake kuhusu mama mchuuzi vitani. Pale mama anaposikia risasi zinazomuua mwanae, mwigizaji Helene Weigel jukwaani Berlin 1949 alirudisha kichwa nyuma akaachama mdomo wote na sauti haikutoka, aisee inachoma moyo kweli. Kwa Ulaya nzima tafuta The Theatre of the Absurd ya mhakiki Martin Esslin, 1961, inahusu tamthilia zinazoonyesha maisha kama hayana maana, waandishi kama Beckett na Ionesco wamo. Peter Szondi, mwananadharia wa tamthilia, ni mzito, muache kwanza.